Saa Sita ya Pili

Verchaux, saa hupigwa mara mbili. Kengele ya kanisa ikimaliza kuhesabu hunyamaza dakika mbili, kisha huanza upya na kuhesabu yote tena, kwa faida ya aliyekuwa shambani trekta ikinguruma, au aliyefika kwenye tisa akapotewa na hesabu. Kwa hiyo saa sita mchana, kengele ya kule hulia mara kumi na mbili, kimya, halafu kumi na mbili nyingine. Fontenoz, kijiji cha bondeni, nako ni vivyo hivyo. Tofauti ni moja tu, nayo imewatosha watu kugombana tangu enzi za mababu: Verchaux hukaa mezani saa sita ya kwanza inapolia, Fontenoz hungoja ya pili.

"Ya kwanza ndiyo saa," Zélie Vuillemin alipenda kusema. "Ya pili ni ukumbusho kwa wavivu."

Alisema hivyo kwa miaka thelathini na minane akiwa juu ya pikipiki yake ya njano, maana yeye ndiye aliyepeleka barua katika vijiji vyote viwili. Watu walimwita Mama Posta, na alipostaafu jina halikubanduka. Kengele ya kwanza ikilia alifunga mfuko wake wa ngozi, na hapo hata ungekuja mbio na barua ya kumwomba msamaha askofu, ungeenda nayo nyumbani mpaka kesho. Anselme Cuenot wa Fontenoz, mwenye banda la kuvukiza soseji, aliwahi kufungiwa mfuko huo usoni mara nne kwa mwaka mmoja. Anselme alikuwa mtu wa kuchelewa tangu ujana wake. Hata harusi yake aliichelewa, na Zélie alikuwepo, amesimama nyuma ya bibi harusi na maua yananyauka mkononi.

Lakini tuanze na maji, maana ugomvi wenyewe ni wa maji.

Verchaux imekaa juu, kwenye uwanda wa mawe ya chokaa katika milima ya Jura, mahali ambapo mvua hunyesha kama imetumwa na maji hayapatikani. Yote huzama. Zélie aliijua nchi ile kwa nyayo na kwa magurudumu: kila ufa uliomeza fimbo, kila shimo lililomeza ndama, kila mbwa aliyengoja mguu wa mtu wa posta. Kijiji kina kijito kimoja tu. Kinatoka kwenye tope la mashariki, kinapita nyuma ya nyumba ya jibini, kinakatiza mbele ya kanisa kwa madaha, na mwisho wa malisho ya Firmin Pourchet kinatumbukia kwenye shimo na kutoweka. Shimo hilo linaitwa Koromeo.

Koromeo ndilo kumbukumbu ya kijiji. Waswidi walipokuja kuchoma moto nyumba zote, karne nne zilizopita, wazee walitumbukiza humo kengele ya kanisa ili isiibwe. Waswidi wakaondoka, kengele haikurudi. Wakati wa babu yake Zélie, padri mmoja mwenye udadisi alimshusha humo bata bukini aliyefungwa utepe mwekundu shingoni, ili ijulikane maji yanakwenda wapi. Baada ya juma moja, bata bukini alionekana akiogelea Fontenoz. Hakuwa na utepe. Verchaux wakasherehekea siku mbili. Fontenoz wakasema bata ni wao, wanamjua mama yake.

Na kuna desturi. Kila anayepita Koromeo hulipa fungu lake: tone la kahawa, kipande cha ganda la jibini, na siku ya mtakatifu wa kijiji kila nyumba humimina glasi nzima ya mvinyo wa manjano, ule mzuri, unaokaa pipani miaka sita. Usipolilisha, wanasema, litakuja kunywa kisimani kwako.

Fontenoz haina shida hizo. Iko chini, kilomita saba kwa barabara, tatu kwa kunguru anayeruka moja kwa moja, na pale mwamba unapofunguka maji hububujika usiku na mchana, baridi ya kuuma meno, yakaingia kwenye birika kubwa la mawe la kufulia nguo lenye paa la vigae, kisha yakatoka kuwa mto. Mto unaitwa Lurette. Barabarani wameweka kibao cha rangi ya kahawia kwa ajili ya watalii: CHANZO CHA LURETTE. Siku kibao hicho kiliposimikwa, Hilaire, baba yake Zélie, aliyekuwa mtengeneza barabara, alivua kofia, akaitupa chini, akaikanyaga.

"Chanzo!" alisema. "Wamelala kitandani kwetu, wanajiita wenye nyumba!"

Hilaire huyo, kila majira ya kuchipua mpaka alipokufa, alikuwa akitoka na kopo la rangi kukipaka upya kibao cha kuingilia kijijini: VERCHAUX, herufi kwa herufi, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Zélie alimshikia kopo.

Basi siku moja ofisi ya mkoa ikaleta waraka. Vijiji viwili, kimoja cha watu tisini na wanne na kingine cha watu mia mbili na kumi na wawili, viungane viwe kimoja, chenye meya mmoja na jina moja. Kuungana hakukuwa na tatizo. Meya wa Verchaux, Firmin Pourchet, mfuga ng'ombe, alikuwa amechoka na umeya, na meya wa Fontenoz, ambaye ni huyo huyo Anselme Cuenot wa soseji, alikuwa hajachoka hata kidogo. Tatizo lilikuwa jina. Wakakaa vikao kumi na vinne. Yaunganishwe majina yote mawili? Sawa, lakini lipi litangulie? Kikao cha tisa kiliishia kwa mtu kurushiwa kiazi.

Zélie hakulala vizuri miezi hiyo. Alikuwa ameshika mikononi mwake maelfu kwa maelfu ya barua zilizoandikwa Verchaux: za mapenzi, za vita vya Algeria, za binti aliyekimbilia Kanada akaandika mara moja tu. Sasa aliambiwa kuwa kuanzia mwaka mpya anwani yake huenda ikawa "Mtaa wa Juu, Fontenoz".

"Mtaa wa Juu!" alimwambia Firmin kwenye nyumba ya jibini. "Kama ghala la kuwekea viti vibovu. Baba atatoka kaburini na kopo lake la rangi."

"Sasa unataka nifanye nini, Mama Posta? Nipigane?"

"Wewe? Ulishindwa na kuku wako mwenyewe. Hapana. Twende kikao cha kumi na tano, niachieni mimi niseme."

Kwenye kikao cha kumi na tano Zélie alisimama, akavuta sweta yake chini, akasema: "Mto ni mmoja. Kijiji kilichozaa mto ndicho kitoe jina. Tumwite mtaalamu wa maji, atie rangi kwenye Koromeo. Rangi ikitokea kwenye birika la Fontenoz, Lurette inaanzia kwetu, na jina ni Verchaux. Isipotokea, mimi mwenyewe nitakibandua kibao cha baba yangu kwa bisibisi."

Ukumbi ukalipuka. Anselme alicheka mpaka akajishika meza.

"Shemeji," alisema, maana mke wake, Odile, alikuwa mzaliwa wa Verchaux na shoga wa Zélie tangu utoto, "shemeji yangu mpenzi, utamtumia bata bukini tena?"

"Safari hii nitamtuma na kitambulisho."

"Siku ngapi?"

"Mtaalamu niliyempigia simu anasema maji kama yale huchukua siku mbili, tatu."

"Tatu basi. Andika! Wewe ndiye mwenye mwandiko."

Zélie akaandika, kwa mwandiko wake wa posta uliolala kidogo kulia: *Rangi itatiwa Alhamisi saa sita mchana. Ikionekana katika birika la Fontenoz kabla ya saa sita mchana ya Jumapili, jina la kijiji ni Verchaux. La sivyo ni Fontenoz.* Meya wote wawili wakatia sahihi, wakapeana mikono, wakanywa. Hakuna aliyeuliza saa sita ipi. Mtu wa Verchaux haulizi, anajua. Na mtu wa Fontenoz vilevile.

Mtaalamu wa maji alikuja Alhamisi. Jina lake Noémie Baudry, mwanamke mrefu mtulivu mwenye buti za mpira na makopo mawili ya unga. Ukiwa mkavu unga huo ni mwekundu kama pilipili ya kusaga. Ukigusa maji tu, hugeuka kijani kibichi cha kuumiza macho. Hauna madhara, alisema, si kwa samaki wala kwa ng'ombe. Kengele ya kwanza ilipolia alimimina gramu mia mbili kwenye kijito, na kijiji kizima kikaona maji yao, yale maji ya aibu yanayotoroka nyumbani kila siku, yakiingia Koromeo yamevaa kijani kama yanakwenda harusini.

"Mia mbili tu?" Firmin aliuliza, akitazama kopo la pili, kilo mbili nzima.

"Mia mbili zinatosha kabisa," Noémie alisema. "Hilo ni la akiba. Lifungieni kwenye ofisi ya meya. Tafadhali, mtu asiliguse."

Likafungiwa. Ufunguo wa ofisi ya meya ya Verchaux, kama kila mtu anavyojua, umetundikwa kwenye msumari nje ya mlango.

Alhamisi ikapita. Ijumaa asubuhi Zélie aliteremka Fontenoz kwa pikipiki ya njano, akainama juu ya birika. Maji safi kama kioo. Wazee wa Fontenoz walikuwa wameshajipanga kwenye benchi la mawe na soseji zao.

"Vipi Mama Posta, umepata barua?"

"Labda wamekosea anwani!"

"Iandikie tena, weka na stempu!"

Alirudi mlimani masikio yanamwaka. Na huko juu, saa tisa alasiri, wakati ambao kijiji kizima kilijua kuwa Mama Posta amelala usingizi wake wa mchana, aliuchukua ufunguo kwenye msumari. Hakukusudia kudanganya, na ukimuuliza mpaka leo ataapa. Unga umekwishatiwa, mkataba ni mkataba. Ila mtaalamu yule, mtu wa mjini, alikuwa ameondoka bila kulipa fungu la Koromeo. Hakumwaga hata tone la kahawa. Shimo linaweza kukasirika kwa jambo dogo kuliko hilo. Zélie akachota unga wa kopo la akiba, kijiko kimoja cha supu, akaenda nacho Koromeo, akakiinamisha juu ya maji, akanong'ona: "Hiki chako. Sasa toa."

Jumamosi, birika bado safi. Fontenoz wakaanza kupamba. Anselme alitundika bendera kwenye kibao cha kahawia, akaagiza mikate mirefu mia moja, na Odile akaambiwa atandike mashuka meupe kwenye meza za karamu. Odile alifua mashuka hayo birikani, midomo ameifinya. Zélie alikaa kando yake.

"Ukishindwa utahamia kwa nani?" Odile aliuliza.

"Sitahama. Nitaishi Mtaa wa Juu, nitalima vitunguu, nitakufa."

"Acha uchuro. Mimi mwenyewe roho yangu haipo hapa. Nimezaliwa kule, mama amezikwa kule. Lakini nikisema neno, Anselme atanuna mpaka Krismasi." Akakamua shuka kana kwamba ni shingo ya mtu. "Unakumbuka harusi?"

"Nani atasahau? Maua yalinifia mkononi."

Jumapili ilikuja na jua la kejeli. Misa iliishia saa nne na nusu, na kufikia saa tano vijiji vyote viwili vilikuwa vimebanana kuzunguka birika, Verchaux upande wa mwamba, Fontenoz upande wa meza. Noémie alichuchumaa ukingoni na chupa zake ndogo. Kila robo saa alichota, akainua kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Saa tano na nusu, hakuna. Saa tano na dakika hamsini, hakuna. Bata watatu wa Fontenoz, weupe kama barafu, walizunguka katikati ya birika bila wasiwasi wa dunia. Firmin alikuwa anatafuna ukingo wa kofia yake. Zélie alitazama mdomo wa mwamba bila kupepesa, na moyoni aliongea na maji kama alivyokuwa akiongea na mbwa wakali: polepole, kwa jina, bila kuonyesha hofu. Tatizo ni kwamba maji yale, yakiwa bado chini ya ardhi, hayakuwa na jina la kuyaita.

Kengele ya Fontenoz ikaanza.

Moja. Mbili. Tatu. Watu wakahesabu kwa sauti, Fontenoz kwa shangwe, Verchaux kama wanaosindikiza jeneza. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Maji safi kama kioo.

Anselme alipanda juu ya benchi, akafungua mikono. "Ndugu zangu wa Fontenoz! Na ninaposema Fontenoz, namaanisha sasa ninyi nyote..."

"Shuka huko!" mtu wa Verchaux alipiga kelele, lakini sauti haikuwa na nguvu.

 Mkono wa Zélie uliingia mfukoni mwa sweta, ukakuta bisibisi. Alikuja nayo kwa kuwa aliahidi. Anselme aliendelea kuhutubia juu ya udugu, juu ya historia, juu ya chanzo kitukufu, na katikati ya sentensi ndefu iliyokuwa inaelekea kwenye soseji, bata mmoja akapiga kelele.

Watu wakamtazama. Alikuwa mweupe juu na kijani chini.

"Mungu wangu," Odile alisema.

Kutoka kwenye mdomo wa mwamba ulitoka utepe mwembamba wa kijani, ukajipinda, ukapanuka, ukaingia birikani kama mgeni anayejua njia. Ukawagusa bata wote watatu. Ukafika kwenye mashuka mawili ambayo Odile, kwa sababu anayoijua mwenyewe, alikuwa ameyaacha yakilowa tangu asubuhi. Na watu wakiwa bado wamefungua vinywa, kengele ikaanza tena: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, na kila pigo likikuta maji yamezidi kuwa kijani.

Verchaux walilia, walirukaruka, walikumbatia watu wasiowapenda. Firmin alimbusu Noémie shavuni, akaomba radhi, akambusu tena.

"Imechelewa!" Anselme alinguruma kutoka benchini. "Mkataba unasema kabla ya saa sita! Saa sita imelia, wote mmesikia, mmehesabu kwa midomo yenu! Rangi imekuja baadaye!"

"Imekuja kabla ya ya pili!"

"Ya pili?" Anselme aliangua kicheko kikavu. "Watu wa Verchaux leo wanaongelea ya pili? Hebu tumwulize Mama Posta, mwenye mwandiko. Shemeji! Wewe uliyenifungia mfuko usoni mara nne! Wewe uliyenirudisha nyumbani na karatasi zangu za kodi! Simama uwaambie watu, saa sita ni ipi?"

 Macho ya watu mia tatu yalimgeukia Zélie, na kila mwenye macho alijua angesema nini, maana alikuwa amelisema kila siku ya Mungu kwa miaka thelathini na minane. Alifungua mdomo.  Akafikiria kopo la rangi, na ulimi wa baba yake uliotoka nje akichora herufi ya V.

"Saa sita," alisema, akiishika bisibisi mfukoni, "saa sita ni ya pili."

Kelele zilizofuata zilisikika hadi kwenye uwanda. Fontenoz walipiga meza kwa vijiko. Mzee mmoja alianguka kutoka kwenye benchi kwa kucheka na akaendelea kucheka hapo chini.

"Amesema! Amesema!" Anselme alifuta machozi. "Miaka thelathini na minane, kwisha! Lakini mimi, shemeji, hapa leo, nimeongoka. Umenifundisha vizuri. Nasema ni ya kwanza."

"Anselme."

Alikuwa Odile. Hakupaza sauti. Alikuwa amelinyanyua shuka moja kutoka birikani, linachuruzika kijani hadi kwenye viatu vyake vya Jumapili.

"Ndiyo, mpenzi."

"Siku ya harusi yetu. Meya alisema atafungisha kabla ya saa sita, kisha anaenda kula. Kweli si kweli?"

Anselme akaacha kucheka.

"Odile, hayo mambo ya zamani..."

"Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Ya kwanza ikalia. Hujafika. Baba yangu akavaa kofia, akasema, twende nyumbani, huyu si mwanamume. Zélie huyu hapa, alikuwa nyuma yangu. Halafu ukaingia mlangoni umejaa grisi, gurudumu la trekta limepasuka, ukapiga magoti mbele ya baba. Ukamwambia nini?"

Anselme alitazama vigae vya paa.

"Sikusikii."

"Nilimwambia... bado ya pili haijalia."

"Ukamwambia saa sita ni ya pili. Ya kwanza ni taarifa tu. Ulimwapia. Na baba yangu, mtu wa Verchaux, akavua kofia kwa ajili yako." Odile akalitandaza shuka la kijani mbele yake kama bendera ya taifa jipya. "Sasa waambie watu, mume wangu wa miaka arobaini na mmoja. Kama saa sita ni ya kwanza, basi wewe ulikuja baada ya ofisi ya meya kufungwa, na mimi bado naishi na mwanamume asiye mume wangu. Nitafute chumba kwa Zélie?"

"Kipo!" Zélie alidakia. "Kinatazama kusini!"

  Anselme alimtazama mke wake, akatazama mashuka, akatazama bata wake watatu wa kijani, na kitu fulani kwenye masharubu yake kikaanza kutikisika. Alishuka kwenye benchi, akavua kofia, kama mkwe wake alivyoivua siku ile.

"Saa sita ni ya pili," alisema. "Na jina ni Verchaux. Na anayetaka soseji aje sasa, kabla sijabadili mawazo."

Karamu iliyokuwa ya Fontenoz ililiwa na wote. Na mambo yangeishia hapo, kama maji yangetulia. Hayakutulia. Noémie alisema gramu mia mbili zingepita na kuisha ifikapo jioni. Jumatatu asubuhi alikuja kuthibitisha, na kweli maji yalikuwa yameanza kuwa safi tena. Saa tisa alasiri yakaja mawimbi mapya ya kijani. Noémie alikuna kichwa.

"Haya yametoka wapi? Safari ni saa sabini na mbili, karibu kwa dakika. Kwa hiyo mtu ametia unga siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri."

Watu wa Verchaux waligeuka polepole kumtazama Mama Posta, aliyekuwa ghafla anachunguza kifungo cha sweta yake.

"Nilikuwa nimelala," alisema.

"Umelala na kijiko?" Firmin akamcheka mpaka akakohoa.

Alicheka mapema mno. Jumanne saa nne asubuhi Lurette iligeuka kijani cha kasuku, na Noémie, aliyekuwa anachora mstari wa vilima kwenye daftari lake, kilima kimoja kwa kila wimbi la rangi, akasema kwa upole kuwa huyu sasa alitia Jumamosi, saa nne, tena kwa mkono mkubwa. Mke wa Firmin akainuka. "Jumamosi saa nne si ulikuwa umempeleka mtamba kwa daktari wa mifugo?" Saa tano kikapita kilima cha kwaya ya kanisa, chenye vichwa sita vidogo vilivyofuatana, mtu mmoja mmoja. Saa tisa na robo kikaja kimoja cha kistaarabu, na padri akakumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea. Kila aliyekuwa amelipa fungu la Koromeo kwa siri alifika Fontenoz kwa zamu yake, mchana kweupe, mbele ya umati ulioleta viti. Mji ulio mbele zaidi mtoni uliwatuma askari waulize kwa nini mto una rangi ya mjusi, nao wakaeleweshwa, wakapewa soseji, wakabaki kuangalia. Kopo la akiba lilipokaguliwa, ndani yake lilikutwa ganda moja la jibini.

Bata walirudi kuwa weupe baada ya wiki mbili. Mashuka hayakurudi, na Odile hakutaka yarudi. Yapo kitandani hadi sasa. Zélie alikwenda na bisibisi yake kwenye kibao cha kahawia, na Anselme mwenyewe akamshikia ngazi, akilalamika kuhusu mgongo. Kibao kipya cha kuingilia bondeni kinasema VERCHAUX, na chini yake, kwa herufi ndogo, Mtaa wa Chini. Hilo la herufi ndogo Zélie alilipigania kikao kizima.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya alipokea barua ya kwanza yenye anwani ile ile ya zamani, bili ya umeme, akaiegemeza kwenye kopo la chumvi mezani kama picha ya mjukuu. Akapakua supu ya viazi na maganda ya jibini. Kengele ikaanza, akahesabu hadi kumi na mbili, akachukua kijiko.

"Bado!" sauti ikapita dirishani. Alikuwa Firmin, akiswaga ng'ombe. "Bado, Mama Posta! Ulisema mbele ya watu!"

"Bado!" wakaitikia wa nyumba ya jibini, ng'ambo ya barabara, kama kwaya.

Zélie aliwatolea ulimi. Kisha akaweka kijiko chini, akafunika supu kwa sahani isipoe, akakunja mikono, akangoja.